Wakuu, bima ya kaya itamsaidia nini mtu wa kisiwani kama nauli na dawa anajilipia mwenyewe?

#1 Mla Furu
Mwangaluka wakuu. Sitaki siasa humu, nataka hesabu.

Shangazi yangu anaishi Ukerewe, kwenye kisiwa ambacho ukitaka kufika Nansio, makao ya wilaya, unaanza na mtumbwi wa injini. Mwezi uliopita mguu ukamvimba. Zahanati wakamtazama, wakamwandikia rufaa. Nansio wakampima, wakampa dawa za kuanzia na kumwambia aje mjini. Akapanda meli mpaka Mwanza, akafikia kwangu Nyakato na binti yake aliyemsindikiza. Nilichukua karatasi nikaandika kila shilingi iliyotoka. Kumwona daktari na vipimo ilikuwa sehemu ndogo tu. Hela yenyewe imekwenda kwenye mtumbwi, meli, bodaboda, chakula cha watu wawili, dawa ambazo dirishani waliandika "hakuna" tukazifuata famasi ng'ambo ya barabara, na siku zote ambazo binti hakuanika dagaa.

Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa tangu 2023 na kila mtu anaimba kadi. Kadi ingemlipia shangazi lipi kati ya hayo? Dai langu: wekeni dawa na mhudumu kwenye zahanati ya kisiwa, na nusu ya watu hawatahitaji kadi yoyote. Nipingeni.

#2 Nimekaa Pale
Ngoja waje wenye uelewa. Mimi nasoma tu.

#3 Mhasibu wa Igoma
Nakupinga mkuu. Hiyo dawa ya kisiwani itanunuliwa kwa hela ya nani?

Bima maana yake wazima wengi wanamlipia mgonjwa mmoja. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaweka 3, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umekwenda hivyo tangu 2001 kwa sababu mtumishi haulizwi kama anapenda. Kwa hiari haiwezekani. Angalieni Toto Afya Kadi: 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Mzazi mwenye mtoto mzima haendi. Mwenye mtoto wa kulazwa kila mara anakwenda mbio. Mfuko ukawa unatoa kuliko unavyoingiza, ukasitishwa 2023. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) hivyo hivyo, 30,000 kwa kaya ya watu sita, yaani elfu tano kwa kichwa kwa mwaka mzima. Sahani ya sato wa kukaanga pale Kamanga inakushinda bei hiyo, na bado watu hawakuingia.

Bila kulazimisha hakuna mfuko. Bila mfuko hakuna dawa. Hapo ndipo pa kuanzia.

#4 Mama Wawili Buzuruga
Mhasibu, hapo kwa Toto Afya nakuomba utuombe radhi wazazi.

Mwanangu wa pili ana seli mundu. Kanda yetu hii watoto wa seli mundu ni wengi mno, nenda kliniki yoyote siku yao uone benchi lilivyojaa. Ile kadi ndiyo ilikuwa pumzi yangu. Ilipositishwa nikaenda ofisini, nikaambiwa watoto sasa waandikishwe kupitia shule. Wangu alikuwa na miaka mitatu. Nikauliza, wa miaka mitatu namwandikisha kidato cha ngapi? Dada wa kaunta akacheka, nami nikacheka, nikarudi nyumbani bila kadi.

Mnasema tulikwenda mbio kwa sababu watoto ni wagonjwa. Sasa bima mlitaka tukate kwa ajili ya nini, harusi?

#5 Ngosha Mbishi
Hahaha "kidato cha ngapi". Mama umeua.

Wakuu mnazunguka mno. Enzi za Mwalimu matibabu yalikuwa bure, kwisha habari. Unaingia, unatibiwa, unakwenda kulima pamba. Haya mengine yote tumeletewa na mabwana wa mikopo. Turudi huko.

#6 Babu wa Kapripointi
Ngosha, ulikuwepo?

Mimi nilikuwepo. Ilikuwa bure, kweli, na hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku 1977 ili mtu asiuze afya. Miaka ya themanini ilipofika ukawa unatibiwa bure na dawa huzioni bure vilevile. Daktari anakuandikia, unatafuta mwenyewe kwa watu wanaojua watu. 1991 wakaruhusu tena hospitali binafsi, 1993 ikaja kuchangia gharama kwenye hospitali kubwa, ikashuka taratibu mpaka chini.

Na hata hospitali ya Bugando pale mlimani msidhani ni ya serikali peke yake. Imefunguliwa 1971, Kanisa Katoliki limejenga, serikali ikachukua, 1985 ikarudishwa kwa maaskofu na serikali ikabaki mbia. Sengerema nayo hospitali ya misheni ndiyo iliyobeba wilaya miaka mingi. Kwa hiyo mkisema "turudi kwenye ya serikali", kanda hii haijawahi kuwa ya serikali tupu.

#7 Ngosha Mbishi
Shikamoo babu. Ila hujasema kwamba wagonjwa walikuwa wanafukuzwa kwa kukosa hela.

#8 Babu wa Kapripointi
Marahaba. Hawakufukuzwa. Walilala wawili kitanda kimoja.

#9 Dirisha la Dawa
Nafanya kazi upande wa dawa, si Ukerewe, lakini ni huku huku kanda ya ziwa. Mniruhusu niseme kitu ambacho mwenye uzi hakukigusa na Mhasibu amekipita.

Sera inasema nani anatibiwa bure? Mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, na baadhi ya magonjwa kama kifua kikuu na Ukimwi. Sawa kabisa. Sasa njoo ukae nami dirishani asubuhi moja katika zahanati ya kijijini. Foleni ya watu arobaini, hesabu mwenyewe: mama na mtoto mgongoni, mjamzito, mama na mtoto, bibi, mjamzito. Wanaolipa wamekaa mwishoni, wachache, vijana wa bodaboda walioanguka. Hao wachache ndio wanaochangia kununua dawa za wote. Dawa za kifua kikuu na chanjo zinakuja kwa miradi yake, hazina shida. Lakini dawa ya mtoto ya kikohozi, dripu, glovu, sindano, vinatoka kwenye fungu lilelile la zahanati.

Neno "bure" lazima mtu alilipie, na asipolipa mtu linalipa kabati la dawa. Kabati likiwa tupu, yule mama wa bure anaandikiwa karatasi akanunue. Hapo bure imeishia wapi?

Bohari ya Dawa wana ghala la kanda hapa hapa Mwanza, kwa hiyo umbali si kisingizio kwa mjini. Wakikosa kitu, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, utaratibu ulioanza Dodoma 2014 kisha ukaenea. Na tangu 2017/18 sehemu ya fedha inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, haipiti tena halmashauri. Mambo mazuri hayo. Ila mganga mfawidhi wa kisiwani anafunga zahanati, anapanda mtumbwi, anafuata benki na kupeleka karatasi za manunuzi, ziwa likichafuka analala huko. Siku hiyo zahanati ina kufuli. Nani alipiga hesabu ya kufuli hilo?

#10 Mla Furu
Dirisha, Mungu akuweke. Hicho cha kufuli ndicho nilichokuwa nakitafuta maneno.

#11 Mhasibu wa Igoma
Dirisha umenisaidia mimi, si yeye. Kama wa bure hawalipiwi na mtu, bima ndiyo ingewalipia. Serikali ikatie kadi hao wasiojiweza, kituo kidai kwa kila kichwa. Ndivyo sheria ya 2023 inavyotaka: mfuko wa wasio na uwezo utokane na ushuru wa soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha na vinginevyo. Mlevi wa Kirumba anamlipia bibi wa Ukara. Tatizo lenu nini?

#12 Ngosha Mbishi
Kwa mara ya kwanza naona ulevi wangu una maana kwa taifa.

#13 Mvuvi wa Giza
Nimesoma yote nikiwa mwaloni, mtandao unakuja na kuondoka.

Wanaopanga hizi bima hawajui dagaa. Sisi tunavua gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapandishwa mchangani. Siku hizo hakuna hela, tunashona nyavu na kukopa unga dukani. Giza likirudi hela inakuja usiku mmoja mmoja, na kabla hujaishika tajiri ametoa mafuta, chakula na gawio la chombo. Sasa anakuja mtu na kitabu kambini wakati wa mbalamwezi: lipeni ya mwaka mzima, kwa mkupuo, leo. Nimlipe kwa mchanga?

Kwa mganga wa kienyeji je? Anakutibu leo, unapeleka mbuzi baada ya mavuno, usipopona unampelekea maneno. Watu wanasema wavuvi ni washirikina. Hapana, wavuvi tunakwenda panapokopesheka.

Halafu hiyo "kaya". Mimi niko kambini, mke yuko Magu, mtoto mkubwa anasoma Misungwi kwa babu yake. Kadi moja tutaikata vipande?

#14 Mhasibu wa Igoma
Kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa inatibu nje ya kituo ulichojiandikisha, si kama ile ya zamani. Kila mwanakaya alikuwa ndani ya mfumo kwa namba.

#15 Mvuvi wa Giza
Kwenye mfumo sawa. Mfumo ulihitaji mtandao, nami nimeshakuambia mtandao wa hapa ukoje.

#16 Binti wa Busisi
Wakuu mnalalamika kana kwamba hakuna kilichobadilika. Nitaje viwili.

Dada yangu alipata uchungu usiku, miaka ile ya kivuko. Gari la wagonjwa limetoka Sengerema, limefika Busisi, kivuko kiko Kigongo. Tukakaa ndani ya gari tunaangalia taa za upande wa pili. Kila ninapopita sasa juu ya daraja, tangu Juni 2025, dakika chache tu nimevuka, namkumbuka dada alivyonifinya mkono. Alijifungua salama, lakini mkono ninao mpaka leo, una alama.

Pili, m-mama. Unapiga 115, hulipi, mjamzito au kichanga mwenye dharura anatafutiwa usafiri, iwe gari la wagonjwa au dereva wa kawaida aliyesajiliwa, naye analipwa na mfumo. Majaribio yalifanyika huku huku kwetu Sengerema na Shinyanga kabla haijazinduliwa nchi nzima 2022. Hakuna kadi, hakuna kaya, hakuna mchango. Mla Furu anasema nauli ndiyo inayoua. Basi hilo limefanyiwa kazi, kwa wajawazito angalau. Kwa nini lisifanyike kwa wengine?

#17 Mla Furu
Binti nakubaliana na yote ila daraja halifiki Ukerewe. Wilaya yenye visiwa 38. Na ukiwaambia watu wa Ukara habari ya "usafiri umeboreshwa" kumbuka Septemba 2018 na MV Nyerere, zaidi ya watu mia mbili walizama mita chache kutoka gatini. Mpaka leo kuna mabibi wanaona bora waumwe nyumbani kuliko kupanda chombo. Hiyo nayo ni gharama, sijui inaandikwa safu gani.

#18 Nimekaa Pale
Poleni.

#19 Mtu wa Dunga
Hamjambo majirani. Niko Kisumu, ng'ambo ya hili ziwa letu. Huyu Mhasibu anayetaka kulazimisha, aje atuulize sisi.

Kwetu bima ya taifa, NHIF, ilikufa, ikaja SHA Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, hakuna ukomo, wakati zamani wa juu kabisa alikuwa anakatwa 1,700. Wenye kulipwa wamenung'unika lakini hawana ujanja, payslipu haina mlango wa nyuma. Shida ni jua kali, yaani mama mboga na wavuvi. Hao wanaulizwa maswali kwenye simu: paa lako ni la nini, choo gani, unapikia nini. Mashine inapiga hesabu na kukuambia kiasi chako, halafu ulipe cha mwaka mzima kwa pamoja. Kuna majirani walioambiwa kiasi cha kuwafanya wadhani mashine imewachanganya na mbunge. Baadaye serikali ikaleta Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa mchango halafu unalipa kidogo kidogo. Kwa hiyo huyo ndugu wa dagaa amesema kitu ambacho serikali nzima ilikuja kukigundua baadaye.

#20 Ngosha Mbishi
Karibu jirani. Mnatumaliza sangara wetu halafu mnakuja kutufundisha bima.

#21 Mtu wa Dunga
Sangara hana pasipoti. Akivuka mpaka anakuwa mbuta, anakuwa wetu.

#22 Ngosha Mbishi
Na mabondo yake, vile vibofu vya hewa, mnauzia Wachina bei gani huko? Huku kilo moja ya bondo kubwa inalipa bima ya ukoo.

#23 Mvuvi wa Giza
Bondo anafaidi tajiri. Baharia anapewa kichwa cha samaki. Turudi kwenye mada.

#24 Nesi wa Zamu
Samahani nachelewa, nilikuwa zamu.

Nimefanya kazi kisiwani kabla ya kuhamishiwa bara. Zahanati nzima tulikuwa wawili, mwenzangu akienda semina nabaki mimi. Mchana nachanja watoto, naandika rejista, nafagia. Usiku mlango unagongwa. Sola ipo, lakini betri imeelekezwa kwenye jokofu la chanjo maana chanjo zikiharibika unaitwa kujieleza. Kwa hiyo nazalisha kwa tochi ya simu, nimeing'ata mdomoni kwa sababu mikono miwili yote ina kazi. Mume wa mama yuko nje, ndiye anayetafuta mafuta ya injini kama hali itabadilika. Boti ya wagonjwa ipo, imefungwa kwenye mti, inasubiri mafuta ya bajeti.

Mhasibu anasema tuanze na mfuko, Dirisha anasema kabati, Mvuvi anasema malipo ya polepole. Mimi nasema ukijaza kabati mpaka juu na kila mwanakijiji akawa na kadi shingoni, kama mimi ni mmoja na nimelala kwa uchovu, hakuna huduma. Na kwa nini nilihama? Nyumba ilivuja, mwanangu hakuwa na shule ya maana, na malimbikizo yangu niliyafuatilia kwa mtumbwi. Mpango wa 2007 ulisema kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya. Majengo yalijengwa mengi, kwa nguvu za wananchi na baadaye kwa hela ya tozo za miamala. Ila jengo halipigi sindano.

#25 Dirisha la Dawa
Nesi nakuheshimu, ila mhudumu asiye na dawa anageuka kuwa mwandishi wa rufaa. Nimewaona. Anasoma miaka mitatu, anakuja kuandika "nenda Nansio".

#26 Nesi wa Zamu
Na dawa isiyo na mhudumu inageuka kuwa biashara ya duka la dawa muhimu la jirani. Hao pia umewaona.

#27 Dirisha la Dawa
Nimewaona 😂 Naomba tuishie hapo.

#28 Mwana Kichocho
Nyote mnalipia ugonjwa, hakuna anayeuzuia. Ufukwe wetu kichocho ni kama mafua. Mtoto anaoga ziwani, mama anafua ziwani, kambi ya watu mia haina choo, kinyesi kinarudi majini kwa konokono, konokono anarudisha kwa mtoto. Watafiti wa NIMR hapa Mwanza wamekifuatilia kichocho miaka na miaka. Wanafunzi wanapewa dawa shuleni kwa kupimwa urefu kwenye fito, vizuri, mwezi unaofuata wamo majini tena. Baba yake mvuvi hakupewa kabisa maana hasomi shule. Miaka ikipita ini limeharibika, anatapika damu, anapelekwa rufaa, na hapo ndipo tunaanza kubishana kuhusu kadi.

Bomba la maji na choo cha kambi. Hiyo ndiyo bima.

#29 Mhasibu wa Igoma
Mwana Kichocho, na mwenye ajali ya bodaboda achimbiwe choo?

#30 Mwana Kichocho
Avae helmeti.

#31 Mama Wawili Buzuruga
Na seli mundu nivae nini?

#32 Nimekaa Pale
Mama kamaliza.

#33 Kijana wa Mabatini
Mimi nina kadi ya kazini na bado nina machungu. Machi 2024 mfuko ulipobadilisha kitita cha huduma na bei zake, hospitali binafsi zikagoma kupokea wenye kadi. Nilikuwa na mgonjwa. Nimekatwa kila mwezi bila kukosa, nafika mapokezi naambiwa kwa upole "leo ni fedha taslimu". Sasa mkisema watu wa kijijini waamini kadi, waamini nini ikiwa mwenye payslipu aliachwa mlangoni?

Mfano wa Rwanda ndio tuuchukue. Mituweli, bima yao ya jamii, wanalipa kidogo kidogo, maskini analipiwa na serikali, tangu 2015 iko chini ya mfuko wao mmoja wa hifadhi ya jamii, na karibu kila mtu yumo.

#34 Babu wa Kapripointi
Rwanda mkuu wa mtaa anajua umekula nini jana. Hapa mwenyekiti wa mtaa wangu hajui hata ninaishi na nani, na nashukuru.

Hapo kwenye "maskini analipiwa" ndipo patamu. Maskini anatajwa na nani? Nimekaa kwenye mikutano ya kuorodhesha kaya za TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. Watu wanataja jina, wengine wanaguna. Mwenye mdomo anaingia, mwenye haya anabaki nyumbani. Kuna aliyeachwa kwa sababu ana bati. Bati kaezekewa na kanisa.

Mla Furu, shangazi yako ana miaka mingapi?

#35 Mla Furu
Amevuka 60, babu. Sitini na nne.

#36 Dirisha la Dawa
Sasa alilipia nini kumwona daktari? Alipitishwa kwa ofisa ustawi wa jamii?

#37 Mla Furu
Hakuna aliyetuambia habari ya ustawi. Tulipanga foleni ya kulipa kama watu wengine, tukalipa.

#38 Nesi wa Zamu
Angekuwa na barua ya mtendaji wa kijiji kwamba hana uwezo, au kitambulisho cha mzee kutoka halmashauri, angeanzia dirisha la wazee. Bila barua, mpokeaji anaona mama amevaa vizuri amekuja na kijana mwenye simu kubwa, anasema lipa. Simlaumu sana huyo mpokeaji. Mwisho wa mwezi anaulizwa makusanyo, haulizwi misamaha.

#39 Mhasibu wa Igoma
Na kwa haki, shangazi ana ndugu mwenye nyumba Nyakato. Hana uwezo huyo?

#40 Mla Furu
Nyumba ya kupanga, Mhasibu. Na nina watoto.

#41 Mvuvi wa Giza
Mhasibu ungefaa ile mashine ya Kisumu.

#42 Mtu wa Dunga
Tutampa kazi. Aje na choo chake tukikague.

#43 Mhasibu wa Igoma
Chekeni. Bado hakuna aliyejibu swali langu la #3. Fedha za kodi? Mwaka 2001 wakuu wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Tuambieni sisi tulifika lini. Kwa hiyo mnaotaka "serikali itoe tu" mnasubiri meli gani? Muswada wa bima wa 2022 ulipotaja 340,000 kwa kaya ya watu sita mlipiga kelele ni nyingi, nami nilisema ni nyingi. 30,000 mlisema ni ndogo lakini dawa hakuna. Kati ya hapo na pale lazima kuna namba. Itajeni.

#44 Mama Wawili Buzuruga
Namba yangu ni 50,400. Niliilipa, na ningelipa leo jioni.

#45 Mvuvi wa Giza
Elfu tatu kila giza, nikatwe kwa simu. Mbalamwezi niachwe.

#46 Nesi wa Zamu
Mimi namba yangu ni watatu. Wahudumu.

#47 Mwalimu Mgeni
Habari zenu, sijasoma uzi wote, ni mrefu. Naomba msaada. Mke wangu ni mwalimu wa serikali, ana kadi ya bima. Tuna watoto watatu, wazazi wangu wote wapo Magu, wa kwake wote wapo Bunda, na wote wameanza kuumwa umwa. Tunaweza kuwaweka wote?

#48 Mhasibu wa Igoma
Karibu. Mchangiaji, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Watoto wenu watatu ni wategemezi watatu.

#49 Mwalimu Mgeni
Kwa hiyo wazee wanne, nafasi moja?

#50 Mhasibu wa Igoma
Moja.

#51 Ngosha Mbishi
Piga simu Bunda na Magu, waambie wapige kura.

#52 Mwalimu Mgeni
Mkuu mimi siko kwenye utani. Mama yangu ana presha, baba mkwe ana kisukari. Nikimwandika mmoja, Krismasi nitakwenda kula kwa nani?

#53 Mama Wawili Buzuruga
Kadi ni ya nani?

#54 Mwalimu Mgeni
Ya mke wangu.

#55 Mama Wawili Buzuruga
Basi wewe unauliza nini humu, kaka? Mwandikeni baba mkwe, presha ya mama yako mtaichangia nyie watoto wake.